Kutafuta mkutano wa watu wanaoacha pombe: maswali na majibu

Mikutano hii ni ipi, na huendeshwa na nani?

Inayojulikana zaidi ni ya Alcoholics Anonymous, ambayo wengi huiita AA tu. Ilianzia mjini Akron, Marekani, mwaka 1935, pale mtu wa soko la hisa aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache na daktari wa upasuaji ambaye bado alikuwa akinywa walipoona kwamba mazungumzo yao wawili yaliwafaa kuliko nasaha walizokuwa wamepewa kwa miaka mingi. Hadi leo mkutano hauongozwi na mtaalamu aliyeajiriwa, bali na wanachama wenyewe.

Nitaupata wapi ulio karibu nami?

Nchini Kenya, njia rahisi ni kupiga simu namba 1192, ambayo ni huduma ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali inayopambana na ulevi na dawa za kulevya, na kueleza unapoishi. Nchini Tanzania, anza na kliniki ya afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa, au uliza kwenye nyumba za upataji nafuu, zile ambazo mitaani huitwa soba; nyingi hushughulikia zaidi watumiaji wa heroini, lakini watu wa huko huwa wanajua ni wapi wanaoacha pombe wanakutana. Usifunge safari kabla ya kuthibitisha siku na mahali, kwa sababu vikundi hivi havina ofisi na huhama kila ukumbi unapokosekana.

Aliye mbali na mji mkubwa anaweza kuhudhuria kwa simu yake, kwani ipo mikutano mingi ya mtandaoni, ikiwemo ya wanawake peke yao. Angalia saa kwa makini: tangazo la New York au London limeandikwa kwa saa za huko, na wapo wanaofungua simu na kukuta watu wameshaagana.

Je, ni lazima niwe nimeshaacha kunywa?

Hapana. Sharti pekee la uanachama ni nia ya kuacha. Hakuna ada, huzungushwa chombo cha mchango wa hiari, na mgeni hatarajiwi kutoa kitu. Anayefika akiwa amelewa kwa kawaida huombwa tu asikilize siku hiyo.

Nitalazimishwa kusimama na kujieleza?

Hulazimishwi. Mkutano huchukua kama saa moja au moja na nusu, watu hutaja jina la kwanza tu, na ukisema kwamba leo unasikiliza, zamu inapita kwa jirani yako. Ipo mikutano ya wazi, ambayo hata ndugu au mwanafunzi wa udaktari anaweza kuhudhuria, na ipo iliyofungwa kwa wenye tatizo peke yao. Anayeogopa kuonekana na watu wa mtaani kwake afadhali aanze na iliyofungwa, hata kama ni katika kitongoji kingine.

Mimi ni Mwislamu. Mikutano hii si ya Kikristo?

Swali hili ni la haki, hasa kwa mtu wa pwani, kwa sababu mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa na baadhi hufungwa kwa sala. Ukumbi huo huwa umeazimwa au umekodiwa tu, na AA haifungamani na dini yoyote. Hatua 12 za kuacha pombe ambazo wanachama huzifuata humtaja Mungu kwa maneno yanayomwachia kila mtu amwelewe kwa imani yake, na asiyetaka kuitikia sala hukaa kimya. Hata hivyo, kwa anayejua kwamba kuonekana akiingia kanisani kutazua maneno nyumbani, mkutano wa mtandaoni ni chaguo la busara.

Je, niache ghafla kesho, kisha niende?

Hapa naomba msomaji asiharakishe. Kama kila asubuhi ni lazima uzimue ili mikono iache kutetemeka, mwili wako umeizoea pombe kiasi kwamba kuikata ghafla kunaweza kuua. Degedege huweza kutokea ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huona visivyokuwepo na hupandwa na homa. Hali hiyo ni ya dharura, nayo haitibiwi kwa maombi wala kwa kumfungia mtu chumbani. Nenda hospitali kwanza, ambako daktari anaweza kukupa dawa za kutuliza kama diazepam pamoja na vitamini B1, kisha mkutano ufuate. Na mwanachama akikushauri uache dawa za daktari, mpuuze, kwani AA yenyewe inasema kwamba wanachama wake si matabibu.

Inasaidia kweli?

Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yalionyesha kwamba programu zenye mpangilio maalumu zinazowaelekeza watu AA huwasaidia kuendelea bila pombe kuliko baadhi ya tiba nyingine za kisaikolojia. Kikundi cha kwanza kisipokupendeza, jaribu vingine viwili vitatu, maana vinatofautiana sana.

Mume wangu anakataa kwenda. Nifanye nini?

Nenda wewe. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951, ina mikutano ya wake, waume, wazazi na ndugu wa walevi, nayo haimtaki mlevi awe amekubali lolote ndipo wewe upokelewe.