Bakteria Wanapofikia Akidi Kidondani: Maswali na Majibu

Katika chumba cha kufungia vidonda ninakofanya kazi hapa Dar es Salaam, habari ninayosimuliwa haibadiliki sana. Mtu mwenye kisukari amechubuliwa na kiatu au amekanyaga msumari, hakusikia maumivu makali, akanunua kapsuli za dawa ya bakteria ambazo watu huziita rangi mbili, akazifungua na kumwagia unga wake kwenye kidonda, kisha akasubiri. Anapofika kwetu wiki ya tatu, kidole kimekwisha kuwa cheusi. Maswali yanayofuata ni yale ninayoulizwa na wagonjwa pamoja na ndugu wanaowasindikiza. Nimeyajibu kwa kuanzia kwenye tabia za bakteria wenyewe, kwa kuwa mtu anayeelewa namna wanavyoishi hawezi tena kuziona siku tatu za kusubiri kuwa ni jambo dogo.

Bakteria ni nini?

Ni viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho, kila mmoja akiwa ni seli moja tu, ambao huzaana kwa kujigawa. Wengi wao hawatudhuru, na wengine wanaishi tumboni na juu ya ngozi zetu kwa faida yetu. Ugomvi unaanza pale wanapopata njia ya kuingia mahali wasipostahili kuwapo.

Inasemekana bakteria huzungumza. Wanazungumzaje bila kinywa?

Huzungumza kwa kemikali. Kila bakteria hutoa molekuli ndogo zinazosambaa katika maji yanayomzunguka, na yeye mwenyewe ana vipokezi vya kuzitambua. Wakiwa wachache, molekuli hizo hupotea bila athari yoyote. Wakiwa wengi na wamebanana mahali pamoja, molekuli hujaa, vipokezi huzinasa, na wote hubadili mwenendo kwa wakati unaokaribiana. Sisi tunaohudhuria vikao vya mtaa tunalo neno linalolingana kabisa na jambo hili, nalo ni akidi: kikao kisipofikisha idadi inayotakiwa hakipitishi uamuzi, hata kama waliofika wana hamu kubwa kiasi gani.

Jambo hili lilianza kueleweka kupitia bakteria wa baharini wanaotoa mwanga. Kenneth Nealson, Terry Platt na Woodland Hastings waliandika mwaka 1970 kwamba bakteria hao hawawaki wanapokuwa wachache, bali husubiri mpaka kemikali yao ijikusanye ndipo wawake. Ndugu zao huishi ndani ya ngisi mdogo wa Hawaii, ambaye huutumia mwanga huo usiku. Wanapoelea baharini mmoja mmoja hawawaki, kwa kuwa mwanga wa bakteria mmoja haumsaidii yeyote na kuutengeneza kunagharimu nguvu.

Mambo ya ngisi yanahusianaje na mguu wangu?

Yanahusiana moja kwa moja. Bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye ni miongoni mwa wageni wa kwanza kabisa katika vidonda vingi, hufanya hesabu ya namna hiyo hiyo. Akiwa na wenzake wachache, hutengeneza zaidi protini za kumsaidia kunata kwenye nyama ya mwili. Idadi inapokuwa kubwa na kemikali yao ikajaa, hupunguza protini hizo na kuanza kutoa sumu na vimeng'enya vinavyoharibu nyama na kuua chembe nyeupe za damu. Mwingine, Pseudomonas aeruginosa, ambaye mara nyingi ndiye anayeacha rangi ya kijani kwenye bandeji, naye huanzisha sehemu kubwa ya mashambulizi yake kwa utaratibu wa akidi.

Kwa hiyo kidonda cha siku ya kwanza na kidonda cha siku ya kumi vinaweza kuwa na bakteria wa aina ile ile, lakini wenye mwenendo tofauti kabisa. Katika hali nzuri ya maabara, bakteria wa aina ya E. coli hujigawa kila baada ya dakika 20, na mmoja akiachwa kwa saa 8 huzaa zaidi ya milioni 16. Ndani ya mwili kasi ni ndogo kuliko hiyo, kwa sababu kinga inapambana nao. Hata hivyo sukari ikiwa juu, kinga hiyo hudhoofika. Muda unaoutumia kusubiri nyumbani ndio muda wanaouhitaji ili akidi yao itimie.

Kidonda changu hakiumi. Je, hiyo si dalili kwamba hakina shida?

Hapana. Nalijibu swali hili kila siku na sitachoka kulijibu: hapana. Kisukari cha muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, hivyo mguu hupoteza uwezo wa kutoa taarifa. Nimewahi kuutoa msumari mfupi uliokuwa umezama katika wayo wa mzee mmoja aliyekuwa ametembea nao bila kujua. Mguu wa mgonjwa wa kisukari usiouma ndio unaotakiwa kututia hofu zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo naomba tuache kuloweka miguu hii katika maji ya moto yenye chumvi, maana mgonjwa asiyehisi msumari hahisi pia kwamba anajiunguza.

Nimemwagia unga wa rangi mbili na kidonda kimekauka juu. Je, si kimepona?

Hapana, hakijapona, umekifunika. Unga ule huchanganyika na majimaji ya kidonda na kufanya gamba, na chini ya gamba usaha unaendelea. Zaidi ya hayo, bakteria wakishakuwa wengi hujijengea utando wa sukari, protini na vinasaba, wakaishi ndani yake kama watu waliojenga ukuta. Utando huu si kitu kigeni kwetu, kwa maana ukoga unaokwangua kwenye meno asubuhi ni utando wa bakteria. Kiasi cha dawa kinachohitajika kuwamaliza waliomo ndani ya utando kinaweza kufika hata mara 1000 ya kile kinachowaua wakiwa huru. Unga wa kapsuli moja hauwezi kazi hiyo. Utando huondolewa kwa kukisafisha kidonda na kukata nyama iliyokufa, kazi inayofanywa na mtu aliyefunzwa, na hurudiwa kwa sababu ndani ya siku chache huanza kujijenga upya. Mgonjwa anayesafishwa mara moja kisha asirudi amejichosha bure.

Kwa nini dawa ile ile huwaua bakteria wengine na kuwaacha wengine, ilhali wote ni wa ukoo mmoja?

Kwa sababu bakteria wa ukoo mmoja hawaishi kwa namna moja. Mwaka 1944, Joseph Bigger wa Ireland aligundua kwamba penisilini, hata ikiwa ya kutosha, iliacha hai takriban bakteria mmoja katika kila milioni moja ya Staphylococcus. Alipowaotesha upya hao waliobaki, watoto wao waliuawa na penisilini kama kawaida. Hawakuwa wamerithi kinga yoyote. Mwaka 2004, Nathalie Balaban na wenzake waliwatazama E. coli kwa hadubini mmoja mmoja na kuona kwamba wanaosalimika walikuwa wamekwisha kupunguza au kusimamisha ukuaji wao kabla dawa haijafika. Dawa nyingi hushambulia shughuli za ukuaji, na aliyelala hana shughuli ya kushambuliwa. Mkulima wa Morogoro hapandi mbegu zote kwenye mvua ya kwanza. Huweka akiba, mvua ikikatika asife njaa. Waliolala ndio akiba ya ukoo wa bakteria.

Hii ni mojawapo ya sababu za matibabu ya kifua kikuu cha kawaida kuchukua miezi 6, ya kwanza 2 kwa dawa nne na 4 inayofuata kwa dawa mbili, ingawa wengi hujisikia wazima mapema zaidi. Kujisikia mzima kunaonyesha tu kwamba walio macho wamepungua.

Hao waliolala ndio wanaoitwa sugu?

Hapana, na tofauti hii ni muhimu. Bakteria sugu amebadilika katika vinasaba vyake na hukua dawa ikiwapo, kisha huwarithisha watoto wake. Aliyelala hakui, anasubiri tu. Lakini anayemeza nusu dozi, akaacha, kisha wiki mbili baadaye akanunua nyingine ya aina tofauti, huwapa waliobaki nafasi ya kuzaana tena, na katika kuzaana huko ndipo usugu hupata mlango. Urefu wa dozi huamuliwa na aliyekuandikia baada ya kukuona. Kidonge kilichobaki kwa jirani hakijaandikwa kwa ajili yako.

Je, siwezi kusubiri siku tatu au nne kwanza, nione?

Hapana. Kama una kisukari na una kidonda mguuni, hata kiwe kidogo kama punje ya mchele, osha kwa maji safi, kifunike kwa kitambaa safi kikavu, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ukiona uvimbe, wekundu unaopanda, harufu, weusi, au ukapata homa, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku.

Nije na nini?

Njoo na pakiti za dawa zote ulizokwisha kutumia, hata zilizo tupu, na useme bila aibu ulichokipaka, kwa kuwa hatutakugombeza na tunahitaji kujua. Njoo na kadi yako ya kliniki ya kisukari. Njoo pia na viatu ulivyokuwa umevaa siku ulipoumia, tuingize mkono ndani tuone kilichokuchubua kabla hujavivaa tena.