Kupanua matundu ya jiko hakuokoi mkaa

Wengi huamini kwamba jiko la mkaa likizubaa, dawa ni kupanua yale matundu ya chini. Si kweli. Nimemwona jirani akiyachokoa kwa msumari. Tangu hapo makaa mekundu yanadondoka kwenye majivu hata maharage hayajaiva.

Hewa hupanda kupitia matundu hayo na kuulisha moto. Ikizidi, mkaa huisha upesi na joto jingi hupotea pembeni mwa sufuria. Jiko la bati lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980 kwa kuiga jiko la ndoo la Thailand, lina kimlango cha kupunguza hewa hiyo: kiache wazi unapowasha, kirudishe chakula kikichemka.

Mara nyingi kinachozubaisha jiko ni majivu. Yakijaa chini, au chenga za mkaa zikiziba matundu, hewa haipiti. Zoa majivu kabla ya kuwasha, zibua kwa kijiti taratibu, usikwangue udongo. Na tafadhali, hata mkaa uliokolea usio na moshi hutoa kaboni monoksidi, gesi inayoua bila harufu. Usilale nao chumbani.