Kigong'ota wa Gila: ramani yake si ramani ya saguaro

Karibu kila picha ya kigong'ota wa Gila inamwonyesha amejibandika ubavuni mwa saguaro, lile kaktasi refu lililoinua mikono kama askari wa trafiki. Ukiuliza ndege huyu anaishi wapi, utajibiwa upesi: panapoota saguaro. Jibu hilo ni nusu tu ya ukweli.

Saguaro ni mmea wa Jangwa la Sonora: Arizona kusini, jimbo la Sonora nchini Meksiko, na kijisehemu cha California. Kigong'ota huyu, Melanerpes uropygialis kwa jina la kisayansi, amevuka mpaka huo. Kusini anateremka na ukanda wa Pasifiki kupita Sinaloa na Nayarit hadi Jalisco, na upande wa bara anafika Aguascalientes, mbali kabisa na saguaro ya mwisho. Yuko pia kwenye rasi ya Baja California. Huko saguaro haioti. Ndege hutoboa kardoni, kaktasi lingine lenye shina nene zaidi.

Anachohitaji, basi, ni shina nene analoweza kulitoboa, na jangwani mashina ya namna hiyo ni ya kuhesabu. Tundu lenyewe lina mambo yake. Nyama ya saguaro imejaa maji, kwa hiyo ndege akishatoboa haingii siku hiyo wala wiki hiyo. Huacha miezi ipite. Mmea hujitibu kwa kuweka gamba gumu kuzunguka jeraha, mfano wa kigaga, mpaka ndani panakuwa kama kibuyu kikavu, na kuna ubaridi kuliko nje. Kaktasi likifa na kuoza, gamba hilo hubaki mchangani kama buti kuukuu. Wa-O'odham, wenyeji wa jangwa hilo, waliyatumia magamba hayo kama vyombo.

Kaskazini na mashariki ndiko ramani zinakodanganya. Sisi tunaochora ramani za ndege tunapaka rangi eneo zima, msomaji akadhani ndege wametapakaa kote. Kwenye ncha ya Nevada na kusini-magharibi mwa New Mexico, hasa bonde la mto Gila uliompa jina (hutamkwa "Hila"), wanafuata mto kama uzi, kwenye mipopla na miti mingine ya kingoni. Ukitoka mtoni, ni nadra kumpata.

Uzi ukikatwa, ndege naye amekwisha. California ilimwingiza kwenye orodha yake ya ndege walio hatarini mwaka 1988. Misitu ya kando ya mto Colorado ilikuwa imefyekwa kupisha mashamba, mabwawa yakazuia mafuriko yaliyootesha miche mipya, na mitamariski, vichaka vya kuletwa kutoka nje, ikashika nafasi. Wachache wameshika mitende ya Imperial Valley, bonde la mashamba kusini mwa California.

Katika miji ya Tucson na Phoenix huko Arizona, kinyume chake, amezoea watu. Hunywa maji ya sukari yanayotundikiwa ndege wengine bustanini, ila hugombea matundu na kwezi wa Ulaya, mgeni asiyejua kutoboa lakini hodari wa kunyang'anya. Majira ya kuchipua, dume mwenye kofia nyekundu hutua juu ya bomba la chuma la paa alfajiri na kuligonga ili wenzake wajue eneo lina mwenyewe. Aliyelala chini ya paa hilo huamka pia.