Komuni si kijiji cha ujamaa

Wiki hii nimelisikia tena lile kosa la kuiita komuni kijiji cha ujamaa. Mkalimani alikuwa akieleza habari za wapenzi wa jinsia moja wanaoishi pamoja mashambani kule Tennessee na Oregon, akasema, "Ni vijiji vya ujamaa vya Wamarekani." Najua alitaka kutusaidia tuelewe. Lakini msikilizaji aliyelelewa Dodoma au Shinyanga hapo ameshaona lori la uhamisho wa lazima limejaa vyombo na nyumba ya babu ikibaki nyuma bila paa.

Maana yenyewe ni fupi. Jumuiya ya hiari ni watu waliochagua kuishi mahali pamoja kwa nia waliyoitamka, wakapatana juu ya ardhi, kazi na namna ya kuamua mambo. Komuni ni aina moja ya jumuiya hiyo, ile ambayo hata mfuko wa fedha ni mmoja.

Neno komuni linatoka kwenye Kilatini communis, na ndani yake mna munus, yaani wajibu, na pia zawadi. Wenye komuni ni watu wanaobebeana wajibu. Wakatoliki wanalo katika komunyo. Burundi na Kongo lilikuja na utawala wa Wabelgiji likawa komine, eneo lenye ofisi na kiongozi wake, kwa hiyo ukimwambia mtu wa Bujumbura kuhusu "komuni ya wanawake" unaweza kumchanganya kabisa.

Ujamaa umetoka kwingine. Jamaa, jamii, jumuiya, hata Ijumaa, yote ni ya mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kukusanyika. Ndugu hawa wa tumbo moja wameachana njia, na hapo ndipo penye kosa. Nyerere alipoliweka neno ujamaa katika andiko lake la 1962, alikusudia undugu wa familia. Na jamaa huchaguliwi wala humchagui, unazaliwa unamkuta. Baadhi ya waliokimbilia mashamba ya Oregon miaka ya 1970 walikuwa wamekataliwa na jamaa hao hao. Walikwenda kutafuta watu wa kuwachagua na ambao nao wangewachagua wao. Kuyaita makao yao ujamaa ni kuwarudishia neno la mlango waliofungiwa.

Halafu lipo suala la amri. Novemba 1973 Tanzania ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 kuishi vijijini kungekuwa lazima, na mamilioni ya watu wakahamishwa. Penye lazima hapana jumuiya ya hiari, hata kama shamba ni la pamoja.

Nisiudhulumu ujamaa wenyewe, maana ulikuwa na Litowa. Kule Ruvuma, wakulima walianza kwa kutaka kwao, wakalima pamoja, wakawa na shule yao, na vijiji vingine vikawafuata. Umoja wao ulivunjwa na chama tawala, TANU, Septemba 1969. Mkalimani angesema "kama Litowa," ningemshukuru.

Upande wa Marekani nako watu huchanganya. Katikati ya miaka ya 1970 wanawake wa Oregon, wengi wao wasagaji, walianzisha Oregon Women's Land Trust. Shamba lao, OWL Farm, ni ardhi ya amana, karibu sawa na wakfu tunaoujua Pwani: si mali ya mtu mmoja, na lengo ni wanawake wawe na mahali pa kufikia bila kuhitaji uwezo wa kununua kiwanja. Lakini kushirikiana ardhi si kuchanganya mishahara, kwa hiyo amana peke yake haifanyi mahali kuwa komuni. Twin Oaks ya Virginia ndiyo komuni, tangu 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha: mapato yanaingia mfuko mmoja na kila mtu ana saa zake za kazi kwa wiki. Nayo si ya wapenzi wa jinsia moja peke yao. Short Mountain ya Tennessee, wanakokusanyika Radical Faeries, mtandao wa wapenzi wa jinsia moja, wengi wao wanaume, wenyewe huiita mahali pa hifadhi, na sioni sababu ya kuwabadilishia jina.

Basi, ndugu mkalimani, safari ijayo sema "jumuiya ya hiari." Ukishauliza ukaambiwa mfuko ni mmoja, sema "komuni."