Anayetoa figo naye ni mgonjwa wetu

Mtu akipandikizwa figo, macho yote huenda kwa aliyepokea. Ndiye aliyechangiwa, ndiye ambaye picha yake imezunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Aliyetoa yuko kitanda kingine na kidonda chake, na mara nyingi ndiye anayepata wageni wachache. Mimi ni muuguzi wa figo hapa Nairobi. Huwaandaa wote wawili, na leo naandika hasa kwa ajili ya huyu wa pili.

Lakini tuanze na mpokeaji, maana shida yake ndiyo inayotukutanisha. Kabla ya figo mpya, mashine ya kusafisha damu ndiyo inayompangia maisha: mara mbili au tatu kwa wiki, takriban saa nne kila mara, sindano mbili nene mkononi. Anatoka Kayole alfajiri, anarudi hoi. Maji anapimiwa, kwa kuwa mkojo humtoka kidogo tu au haumtoki kabisa. Ndizi, parachichi na maharagwe lazima ajihadhari navyo kwa sababu ya potasiamu, ambayo ikizidi huweza kusimamisha moyo. Siku chache baada ya upasuaji namletea jagi la maji na kumwambia anywe. Mama mmoja alilitazama, akaniuliza, "Sista, yote?" Nikamwambia yote, na kesho lingine.

Wengi hudhani tunatoa figo mbovu na kuweka nzima palepale. Kwa kawaida zile za zamani huachwa mahali pake. Mpya hulazwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, ikaungwa kwenye mishipa ya damu ya hapo na mrija wake ukaelekezwa kwenye kibofu. Figo ya mtu aliye hai mara nyingi huanza kutoa mkojo mgonjwa akiwa bado mezani. Ila mwili haukomi kuiona kama kitu kigeni. Ndiyo maana mpokeaji hunywa dawa za kutuliza kinga, kama takrolimasi, kwa saa zilezile kila siku, muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Akiacha kwa kuwa anajisikia mzima, au kwa kukosa pesa, anaweza kuipoteza.

Sasa mtoaji. Hapa kwetu figo karibu zote hutoka kwa watu walio hai, hasa jamaa wa damu. Ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu na mgonjwa kwa tishu, kwa hiyo familia hukaa kikao. Na kikaoni jicho huwaangukia watu walewale: kijana asiye na kazi, binti ambaye hajaolewa, yule ambaye hajawahi kuwabishia wakubwa. Anakuja kliniki na shangazi anayejibu kila swali kwa niaba yake. Namwomba shangazi, kwa heshima, atusubiri nje. Mlango ukifungwa namuuliza kijana: kama hakuna mtu angekulaumu, ungetoa? Wapo wanaosema ndiyo kabla sijamaliza swali. Wapo wanaotazama sakafu.

Kwa anayetazama sakafu, tukizungumza nikathibitisha kwamba hataki, shughuli inaishia hapo. Familia huambiwa tu kwamba hafai kuwa mtoaji. Sababu inabaki kati yake na sisi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inadai ridhaa ya maandishi na inakataza kuuza kiungo, lakini saini iliyowekwa mbele ya wazee wakali ni ridhaa ya wazee hao.

Anayetaka kweli huchunguzwa damu, mkojo, presha, sukari, moyo na mishipa ya figo zenyewe. Figo inayobaki hutanuka, na kwa muda hufikia takriban asilimia 70 ya kazi iliyofanywa na zote mbili. Inatosha. Ronald Herrick alimpa pacha wake figo huko Boston tarehe 23 Desemba 1954, katika upandikizaji wa kwanza wa figo uliofaulu. Pacha aliishi miaka minane zaidi. Ronald alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 79.

Hata hivyo, mtoaji hukaa majuma kadhaa bila kunyanyua mzigo. Akiwa mwendesha boda au mama mboga, nani analipa kodi ya nyumba? Bajeti nyingi za harambee huwa na hospitali, dawa na usafiri wa mgonjwa. Jina la mtoaji halimo. Liandikeni, na liwe juu.

Halafu kuna deni ambalo halimo kwenye risiti yoyote. Nimewaona ndugu waliokuwa marafiki wakashindwa kuongea kuhusu shamba, kwa sababu mmoja hawezi tena kumpinga aliyempa figo. Nimeona pia figo ikikataliwa na mwili, mpokeaji akarudi kwenye mashine, na mtoaji akajiona kama ndiye aliyeshindwa. Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye, aombolezee kile kilichotoka mwilini mwake. Mambo haya huyasema kabla ya upasuaji, nikiwa na wote wawili chumbani, ingawa hayapendezi kusikiliza.

Na ukishatoa, usipotee. Pima presha, damu na mkojo kila mwaka, hata kama huumwi. Epuka kujinunulia dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni dukani kwa ajili ya mgongo. Huweza kuidhuru figo uliyobaki nayo. Ukipata mimba, mwambie mkunga siku ya kwanza ya kliniki kwamba una figo moja, kwa sababu hatari ya presha ya mimba, ambayo inaweza kuleta kifafa cha mimba, hupanda na presha yako itahitaji kufuatiliwa kwa karibu.