Viti vya fidia ni nini? Hesabu ya Bunge la Lesotho

Viti vya fidia ni viti vya bunge vinavyopewa chama kilichopata kura nyingi nchini lakini kikaambulia majimbo machache. Katika ufalme wa Lesotho, Bunge la Taifa lina viti 120: 80 vya majimbo, ambako mwenye kura nyingi ndiye mbunge, na 40 vya fidia vinavyojazwa kutoka orodha za vyama.

Chanzo chake ni vurugu. Mwaka 1998 chama cha LCD kilizoa majimbo 79 kati ya 80 kwa takriban asilimia 60 ya kura. Wapinzani wakaandamana, maduka ya mji mkuu, Maseru, yakachomwa, majeshi ya Afrika Kusini na Botswana yakaingia. Viti vya fidia vikaanza uchaguzi uliofuata, wa 2002: chama cha BNP kilipata wabunge 21, wote wa fidia.

Wengi hudhani vile viti 40 hugawanywa kwa asilimia ya kura. Sivyo, hesabu huanzia 120. Tuseme kura halali ni 480,000. Gawanya kwa 120, unapata 4,000: hiyo ndiyo bei ya kiti kimoja. Chama chenye kura 88,000 kinastahili viti 22. Kama kimeshinda majimbo 5, kinaongezewa 17. Chenye kura 192,000 kinastahili 48. Kikiwa na majimbo 45, kinapata 3 tu. Desimali zikibakiza viti, huenda kwa vyama vyenye masalio makubwa zaidi.

Ugumu huja chama kinapozidisha. Chenye stahili ya 48 kikishinda majimbo 56, hakinyang'anywi kitu. Kinawekwa kando pamoja na kura zake, na vyama vingine hugawana viti 64 kwa kura 288,000. Bei inapanda hadi 4,500, na anayeumia ni chama kidogo. Si nadharia tupu: mwaka 2022 chama cha RFP kilitwaa majimbo 56 siku ya uchaguzi, hakikupata fidia hata moja.

Msomaji wa Tanzania asivichanganye na viti maalum. Vile ni vya wanawake, na chama kilichoshinda majimbo mengi nacho huongezewa. Vya fidia huziba pengo tu, ingawa orodha zake Lesotho lazima zipishanishe mwanamke na mwanamume.

Mwanya mkubwa ulionekana 2007, mpiga kura alipokuwa na karatasi mbili, ya mgombea na ya chama. LCD kiliwania majimbo na kupata 61, huku wafuasi wake wakikipigia chama rafiki, NIP, kura ya chama. NIP kikavuna viti 21 vya fidia. Ilikuwa ujanja mtupu, na chama cha ABC nacho kiliufanya kupitia rafiki yake, LWP. Sheria ya 2011 ikaleta karatasi moja: kura ya mgombea huhesabiwa pia kuwa ya chama chake. Mwanya uliziba, lakini anayempenda mgombea na kukichukia chama chake hana tena pa kuligawa chaguo lake.