Kuandika upya sentensi ya Kiingereza kwa kubadili maumbo ya maneno

Mtu akiambiwa aandike sentensi ya Kiingereza kwa maneno yake mwenyewe, wengi hukimbilia visawe. Anatoa "show" anaweka "demonstrate", anatoa "big" anaweka "large", kazi imekwisha. Haijaisha. Mifupa ya sentensi ni ile ile, imevikwa nguo nyingine tu, na msomaji mzoefu huitambua bila shida.

Kinachosaidia zaidi ni kugusa sarufi: kitenzi kigeuzwe nomino, kielezi kiwe kivumishi, kauli ya kutenda iwe ya kutendwa. Neno moja likibadilika umbo, majirani zake nao hulazimika kuhama. Tazama hii:

"The company decided quickly, so it survived."

Geuza "decided" kuwa "decision". Papo hapo "quickly" haifai tena, maana sasa inaeleza nomino, kwa hiyo inakuwa "quick". "Survived" nayo ikigeuzwa "survival", kiunganishi "so" kinakosa kazi na tunahitaji kitenzi kipya cha kushika sentensi:

"The company's quick decision ensured its survival."

Vishazi viwili vimekuwa kimoja, na maana haijamwagika.

Kwa mzungumzaji wa Kiswahili jambo hili si geni. Tunatoka kwenye "amua" hadi "uamuzi" na "mwamuzi" kila siku. Ugumu wa Kiingereza ni viambishi tamati vyake: decide huzaa decision, refuse huzaa refusal, grow huzaa growth, agree huzaa agreement. Hakuna kanuni moja inayovitawala vyote, kwa hiyo ni heri kujifunza kitenzi pamoja na nomino yake tangu mwanzo. Na si kila ndugu wa neno ana maana ile ile. "Economic" huhusu uchumi, "economical" ni kitu kisicho na gharama kubwa. "Considerable" ni kubwa, "considerate" ni mtu anayewajali wengine.

Viunganishi pia vina masharti. "Although it rained, we played" ikigeuzwa kwa "despite", kinachofuata ni nomino: "Despite the rain, we played." (Ile "despite of" inayosikika sana ni kosa.)

Kauli ya kutendwa ni rahisi, ila humficha mtenda. "Researchers tested the drug" ikiwa "The drug was tested", watafiti wametoweka. Kama ni muhimu kujua nani alipima, warudishe kwa "by".

Hata sentensi ikigeuzwa vipi, wazo bado ni la mwandishi wa asili, na chanzo hutajwa.

Neno dogo linaloangusha wengi ni "may". Sentensi ya asili inasema "Stress may cause headaches", anayeiandika upya anaandika "Headaches are caused by stress". Sarufi safi kabisa, lakini "huenda" ya mwandishi wa asili imegeuka kuwa uhakika ambao hakuutoa.